Sura ya Tano: Mwili Unapombeba Adui Wake

Mwaka 2001 watafiti waliokuwa wakifuatilia afya za wakazi wa Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda, walichapisha hesabu ambayo sura hii yote inajaribu kuieleza. Walichunguza jozi 174 za wenza ambamo mmoja alikuwa na virusi vya UKIMWI (VVU) na mwenzake hana, wakakadiria ni mara ngapi kirusi huvuka katika tendo moja la ndoa. Jibu likawa takriban mara 1 katika matendo 900. Kwa wale walioripoti vidonda sehemu za siri, kima hicho kilipanda karibu mara nne, kikafika mara 1 katika matendo 240 hivi. Asiwepo wa kuzichukua namba hizi kama ruhusa. Wastani huo unaficha vipindi vya hatari kubwa zaidi, hasa miezi ya mwanzo baada ya mtu kuambukizwa, na hatari ndogo inayorudiwa wiki baada ya wiki haikai ndogo. Hata hivyo zinatufundisha jambo ambalo elimu yetu ya UKIMWI imelipita haraka mno, kwamba kirusi hiki hushindwa mara nyingi kuliko kinavyofaulu, na kwamba kufaulu kwake kunategemea sana hali ya utando kinaoukuta. Kuna kitu pale juu ya ngozi laini kinachoamua. Nitajenga hoja kwamba kitu hicho, kwa sehemu kubwa, ni kinga yetu wenyewe, na kwamba inapokuwa katika hali ya tahadhari ndipo inapomfaa adui kuliko wakati wowote mwingine.

Simulizi tuliyoizoea inasema chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, na kwamba VVU huwaua askari hao hadi mwili ukabaki wazi kwa kila ugonjwa. Simulizi hiyo si ya uongo. Seli T zenye kipokezi cha CD4 ndizo kirusi huzishambulia na kuzimaliza, na kupungua kwake ndiko kunakofungua njia kwa kifua kikuu, nimonia na magonjwa mengine nyemelezi. Ila inaacha pengo kubwa. Askari waliolala kambini hawajui kwamba mpaka umevamiwa mpaka wapelekewe habari, na mwilini kazi ya kupeleka habari ina wahusika wake maalumu. Hao ni seli za dendriti. Ya kwanza kati ya jamii yake kuonekana na binadamu iliripotiwa mwaka 1868 na Paul Langerhans, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari huko Berlin. Alipaka ngozi kemikali ya dhahabu, akaona chembe zenye matawi marefu, akadhani ni za mishipa ya fahamu. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya Ralph Steinman na Zanvil Cohn wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, kueleza mwaka 1973 seli zenye matawi kama hayo kwenye bandama la panya, na miaka mingine mingi kabla ya wanasayansi wenzao kukubali kwamba bila seli hizo kinga haianzi kazi. Steinman alitunukiwa Nobel mwaka 2011, siku tatu baada ya kufariki dunia.

Ili tuelewe namna kirusi kinavyonufaika, tufuatilie safari ya seli moja ya dendriti. Imekaa ndani ya utando wa uke, wa govi, wa mdomo au wa njia ya haja kubwa, imetandaza matawi yake katikati ya seli za kawaida, na juu ya matawi hayo kuna vipokezi vya aina nyingi, yaani protini ambazo kila moja inatambua umbo fulani. Vingine hushika sukari zilizopo kwenye magamba ya bakteria, vingine vipande vya jeni vya virusi. Kipokezi kikishanasa kitu, seli hukimeza, hukikatakata kwa vimeng'enya, na kama kitu hicho ni cha hatari hubadilika tabia. Huacha kumeza, hujing'oa pale ilipokaa, huingia katika mishipa ya limfu na kusafiri hadi kwenye tezi, zile zinazovimba kinenani mtu akiwa na jeraha mguuni na kuitwa mitoki. Ndani ya tezi hukutana na seli T kwa maelfu. Huzigusa moja baada ya nyingine, huzionyesha vipande vya adui, na inapoipata ile yenye kuvitambua huiamsha izaliane. Sasa tujiulize VVU vinahitaji nini. Vinahitaji seli zenye CD4, ziwe nyingi, zikae karibu karibu, na ziwe zimeamshwa, kwa sababu katika seli T iliyolala kirusi huzaliana kwa shida sana. Mahali penye sifa hizo zote ni tezi, na anayekwenda huko kila siku, tena kwa ajili ya kugusana na seli hizo hizo, ni seli ya dendriti.

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu ulitoka mwaka 1992 katika maabara ya Steinman. Seli za dendriti ziliwekewa VVU, zikaoshwa, kisha zikachanganywa na seli T. Peke yake, kila kundi lilizalisha virusi kidogo tu. Yalipokutana, maambukizi yalilipuka na seli T zikafa kwa wingi. Miaka minane baadaye kundi la Nijmegen, Uholanzi, likiongozwa na Yvette van Kooyk pamoja na Teunis Geijtenbeek, lilieleza kipokezi kinachoweza kufanya kazi hiyo, likakiita DC-SIGN. Kazi yake ya halali ni mbili: kushika sukari za vijidudu, na kushikamana na seli T ili mazungumzo ya kinga yaanze. VVU vimejifunika protini iitwayo gp120, na karibu nusu ya uzito wa protini hiyo ni sukari. DC-SIGN huinasa kama inavyonasa kijidudu kingine chochote. Tofauti ni kwamba si kila kirusi kilichonaswa huishia kukatwakatwa. Baadhi hubaki wazima, na mwaka 2003 watafiti wa Chicago walipoweka seli hizi chini ya hadubini zenye kuonyesha virusi vilivyotiwa rangi ya kung'aa, waliona jambo la kusikitisha. Mara tu seli ya dendriti ilipoigusa seli T, virusi vilivyokuwa vimetawanyika vilikusanyika kwenye ile sehemu ya mguso, na upande wa pili CD4 na vipokezi vyake vya ziada vikakusanyika vilevile. Mguso uliowekwa na maumbile ili kinga ipashane habari uligeuka kivuko.

DC-SIGN haikuwa mwisho wa habari. Baada ya watafiti kugundua kwamba seli za dendriti zilizokomaa hunasa VVU hata pale gp120 isipokuwepo, makundi ya Barcelona na Boston yalitambua, kati ya mwaka 2012 na 2013, kipokezi kingine kiitwacho Siglec-1. Hiki hakishiki kitu cha kirusi hata kidogo. Kirusi kinapotoka katika seli kilimozaliwa huondoka na kipande cha ganda la seli hiyo, na katika ganda hilo mna mafuta yenye sukari yaitwayo GM3. Siglec-1 hushika hayo. Maana yake ni kwamba kirusi hushikwa kwa alama ya mwili wetu kilichojivika njiani, kisha huwekwa katika kifuko ambacho bado kina njia ya kutoka juu ya seli. Kuna jambo jingine ambalo kwa hoja yangu ni zito zaidi. Siglec-1 huongezeka sana juu ya seli za dendriti zinapopata ishara ya interferoni, yaani ile kemikali ambayo mwili huitoa kutangaza kwamba virusi vimeingia. Kadiri tangazo linavyokuwa kubwa, ndivyo seli inavyozidi kuwa tayari kunasa VVU na kuvibeba bila kuviharibu. Tahadhari na ubebaji, katika seli hii moja, vinapanda pamoja.

Hapa mpinzani wa kwanza ana haki ya kusimama. Atasema kwamba seli za jamii hii zinaweza kuzuia VVU pia, na atakuwa sahihi. Mwaka 2007 kundi la Geijtenbeek lilichunguza seli za Langerhans, zile zile za mwaka 1868, ambazo hukaa katika tabaka la juu kabisa na ndizo za mwanzo kukutana na kirusi. Hizo hazina DC-SIGN. Zina kipokezi cha jamii yake kiitwacho langerini, na langerini inaponasa VVU huvipeleka katika vijifuko vidogo viitwavyo vya Birbeck, ambako kirusi huharibiwa. Kwa maneno mengine, mkono unaofanana sana na ule unaobeba ndio unaoangamiza. Ila tusome utafiti huo mpaka mwisho. Ulinzi wa langerini ulikuwa imara virusi vilipokuwa vichache. Virusi vilipozidi, au langerini ilipozibwa, seli za Langerhans nazo ziliambukizwa na kuambukiza. Mwaka uliofuata kundi hilo hilo lilionyesha kwamba ishara za uvimbe na za vijidudu vingine huziondolea seli hizi sehemu ya uwezo wake wa kukataa kirusi. Mwaka 2019 watafiti wa Sydney wakatambua katika ngozi ya binadamu seli za dendriti za aina nyingine, zilizo nyingi zaidi kwenye tando za sehemu za siri na njia ya haja kubwa, ambazo huchukua VVU na kuvihamisha kwa wepesi kuliko zile za Langerhans. Pingamizi hili basi haliiangushi hoja, linaipa mipaka. Katika utando mzima na mtulivu, wenye virusi vichache, seli za juu huangamiza. Katika utando uliochubuka au kuvimba, mizani huinama upande wa pili, na hicho ndicho kilichoonekana Rakai kati ya wenza wenye vidonda na wasio navyo.

Kuna ajabu nyingine inayostahili kukaliwa. Ikiwa seli ya dendriti imemeza VVU, na kazi yake ni kutambua virusi, kwa nini haipigi kelele mapema na kuuokoa mwili? Jibu lilianza kuonekana mwaka 2010 na 2011. Ndani ya seli hizi mna protini iitwayo SAMHD1, ambayo huvunjavunja malighafi za kujengea DNA. VVU vya aina ya kwanza, ambavyo ndivyo vilivyoenea Afrika Mashariki na duniani kwa jumla, vinahitaji malighafi hizo ili vinakili jeni zao, kwa hiyo katika seli ya dendriti hukwama. VVU vya aina ya pili, vinavyopatikana zaidi Afrika Magharibi, vina protini iitwayo Vpx inayoiangamiza SAMHD1, kwa hiyo vinaweza kuingia na kunakili. Mtu angetarajia aina ya pili iwe ndiyo kali zaidi. Mambo yako kinyume: aina ya pili kwa kawaida huenda polepole na huambukiza kwa shida. Maelezo yenye uzito ni kwamba DNA ya kirusi ikishanakiliwa, seli ina vihisio vinavyoigundua na kuamsha kinga kamili. Aina ya kwanza, kwa kukwama kabla ya kunakili, haionekani. Inabebwa bila kugunduliwa. Sidai kwamba jambo hilo peke yake linaeleza tofauti yote kati ya aina hizi mbili, maana zipo sababu nyingine. Ila linaonyesha kwamba kwa VVU kushindwa kuimiliki seli ya dendriti si hasara. Vinanufaika na safari yake na kuepuka macho yake.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, nalo linasema kwamba yote haya ni mambo ya maabara. Seli nyingi za dendriti zinazotumika katika majaribio huoteshwa kutoka kwenye damu, hazichukuliwi utandoni. Shahawa zenyewe, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2007, zina vitu vinavyoizuia DC-SIGN isishike kirusi. Kwa nyani wa aina ya rhesus walioambukizwa SIV, ndugu wa VVU anayewapata nyani, ushahidi umegawanyika. Utafiti wa mwaka 2000 uliona kirusi ndani ya seli za dendriti za utando wa uke katika dakika 60, na kwenye tezi za jirani katika saa 18. Lakini kundi la Ashley Haase wa Minnesota liliripoti mwaka 1999 kwamba seli nyingi zilizoonekana kuambukizwa siku za mwanzo zilikuwa seli T zenyewe. La kuumiza zaidi, mwaka 2016 watafiti waliwatambua watu waliozaliwa bila Siglec-1 kabisa kwa sababu ya hitilafu ya jeni. Seli zao zilipopimwa hazikuweza kuhamisha kirusi kwa njia hiyo. Hata hivyo watu hao walikuwa na VVU, na ugonjwa wao haukuonyesha tofauti ya wazi na wa wengine. Tulinganishe na CCR5, kipokezi cha ziada ambacho kirusi hukihitaji pamoja na CD4 ili kiingie katika seli T. Waliozaliwa bila CCR5 kwa upande wa baba na mama ni nadra mno kuambukizwa. Timothy Ray Brown, aliyepandikizwa uboho wa mtu wa namna hiyo huko Berlin mwaka 2007, alipona VVU kabisa.

Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu yake ya haki. Hakuna kipokezi hata kimoja cha seli za dendriti ambacho kwa VVU ni cha lazima kama CCR5 ilivyo, na anayedhani kwamba kuzuia DC-SIGN au Siglec-1 peke yake kutakomesha maambukizi anajidanganya. Lakini hoja yangu haikusimama juu ya kipokezi kimoja. Watu wasio na Siglec-1 wanatuonyesha kwamba njia ni nyingi: ikifungwa moja, DC-SIGN ipo, seli T za utandoni zenyewe zipo, na kuna virusi vinavyoingia vikiwa ndani ya seli za shahawa. Kinachounganisha njia hizo ni kwamba zote hupanuka mwili unapokuwa katika tahadhari. Na hata pale seli ya dendriti isipokibeba kirusi yenyewe, ndiyo inayoita kundi linaloambukizwa. Hapo ndipo kazi nyingine ya Haase inapokuwa muhimu. Mwaka 2009 kundi lake lilieleza mfululizo mzima. Utando wa nyani ulipoguswa na SIV ulitoa kemikali iliyoita seli za dendriti za aina inayozalisha interferoni, hizo nazo zikatoa kemikali nyingine zilizoita seli T zenye CCR5, na kirusi kilichokuwa kimejikita mahali padogo kikaletewa ghafla chakula. Watafiti walipopaka utandoni kiambato kinachotuliza uvimbe, ambacho hutumika pia katika vyakula na vipodozi, nyani watano waliopakwa hawakuonyesha maambukizi ya awali, ingawa waliwekewa kirusi kwa wingi na kwa kurudiwa. Kiambato hicho hakikuifanya kinga yao kuwa kali zaidi. Kiliipunguzia kelele.

Tukitoka kwa nyani tukaja kwa binadamu, Afrika Mashariki ina ushahidi ambao haukutafutwa kwa lengo hili lakini unasema jambo hilo hilo. Jijini Nairobi, wanawake wanaofanya biashara ya ngono walipewa sponji yenye nonoxynol-9, dawa inayoua VVU vizuri ndani ya chupa ya maabara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba haikuwakinga, bali iliwaongezea vidonda. Jaribio kubwa zaidi la jeli ya dawa hiyo, lililofanyika Benin, Ivory Coast, Afrika Kusini na Thailand na kuchapishwa mwaka 2002, lilikuwa na habari mbaya kuliko hiyo: waliopewa jeli waliambukizwa zaidi kuliko waliopewa isiyo na dawa, hasa walioitumia mara nyingi kwa siku. Dawa iliua virusi na papo hapo ikauchubua utando na kuuamsha, na kile cha pili kikashinda cha kwanza. Kisha ikaja habari ya malengelenge ya sehemu za siri. Kwa kuwa ugonjwa huo huongeza hatari ya VVU, ilionekana wazi kwamba kuutuliza kwa vidonge vya aciclovir kungepunguza maambukizi. Kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wanawake waliofanya kazi kwenye baa, migahawa na nyumba za wageni walimeza miligramu 400 mara mbili kwa siku. Mwaka 2008 matokeo yakatoka: hakuna tofauti. Waliolichukulia tatizo kuwa ni vidonda tu hawakuwa na maelezo. Maelezo yalikuja mwaka uliofuata kutoka Seattle, ambako vipande vya ngozi vilivyochukuliwa mahali palipokuwa na malengelenge yaliyokwisha kupona vilionyesha seli T zenye CCR5 na seli za dendriti, zikiwemo zenye DC-SIGN, zimekusanyika pale pale kwa miezi, hata kwa waliokuwa wakimeza dawa kila siku. Kidonda kilifunga, ngozi ikawa safi machoni, lakini chini yake mkusanyiko wa kinga ulibaki, na mkusanyiko huo ndio kirusi kinaoutaka.

Mtu anaweza kuuliza kama hoja hii haikanushwi na majaribio ya kutibu magonjwa ya zinaa. Mkoani Mwanza, kati ya mwaka 1991 na 1994, kuboresha matibabu hayo katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Rakai, ambako watu wote walipewa dawa kwa mkupuo kila baada ya miezi kadhaa, maambukizi hayakupungua. Sioni mgongano hapo. Mwanza ilitibu watu wenye dalili pale pale walipougua, yaani ilizima uvimbe ukiwa umewaka, na ilifanya hivyo wakati janga lilipokuwa changa. Rakai iligawa dawa kwa kalenda, katika jamii ambayo janga lilikuwa limekomaa na malengelenge, yasiyotibika kwa dawa zile, yalikuwa mengi. Tohara nayo inaingia humu. Majaribio ya Orange Farm huko Afrika Kusini, ya Kisumu na ya Rakai, yaliyotoa matokeo kati ya mwaka 2005 na 2007, yalionyesha kwamba hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke kwa kati ya asilimia 50 na 60. Upande wa ndani wa govi una ngozi laini, seli za dendriti na seli T zenye CD4 zilizo karibu na juu, na mazingira yasiyopata hewa yanayokuza bakteria wa kuamsha uvimbe. Kuondoa govi ni kuondoa eneo zima la tahadhari.

Tahadhari hiyo iliwagharimu hata watengenezaji wa chanjo. Mwaka 2007 jaribio liitwalo STEP, lililoshirikisha watu wapatao 3,000 hasa katika nchi za Amerika, lilisimamishwa baada ya kuonekana kwamba chanjo haikingi. Chanjo hiyo ilibeba vipande vya VVU ndani ya kirusi cha mafua kilichodhoofishwa, na kwa kipimo cha kawaida ilifanya kazi yake, maana iliamsha seli T. Lakini wanaume ambao hawakutahiriwa na waliokuwa tayari na kingamwili dhidi ya kirusi kile cha mafua waliambukizwa VVU zaidi kuliko waliopewa sindano isiyo na chanjo. Maabara zilionyesha baadaye kwamba kirusi kile kikishikamana na kingamwili zake huziamsha seli za dendriti, nazo huziamsha seli T zikawa rahisi kwa VVU. Bado kuna mjadala kama hilo linatosha kueleza yaliyotokea, na mjadala huo ni wa haki. Fundisho lisilo na ubishi ni kwamba kwa ugonjwa huu kinga iliyoamshwa zaidi si lazima iwe kinga inayolinda zaidi.

Hapo ndipo pingamizi la mwisho linapoibuka, na ndilo wasomaji wengi watakuwa nalo: je, tunaambiwa sasa kwamba kinga dhaifu ni bora? La hasha. Utulivu na udhaifu ni vitu viwili. Mtaani Majengo, Nairobi, kundi la wanawake limefuatiliwa tangu miaka ya 1980 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, na baadhi yao hawakuambukizwa ingawa walikutana na VVU kwa miaka mingi. Seli T zao zilipopimwa zikiwa katika hali ya kawaida zilikuwa tulivu kuliko za wenzao, zikitoa kemikali chache za kuita uvimbe. Zilipochokozwa, ziliitika vizuri. Ni kweli kwamba baadhi ya wanawake hao waliambukizwa baadaye, mara nyingi baada ya kupunguza biashara hiyo kwa muda, jambo lililowafanya watafiti waamini kwamba kumbukumbu ya kinga dhidi ya VVU nayo ilikuwa ikiwasaidia. Nalikubali hilo bila shida, maana kumbukumbu si kelele. Kinga inayokumbuka na kutulia huacha virusi vichache vikutane na langerini. Kinga inayohangaika kila siku huvisafirisha.

Wapo pia watakaosema kwamba jambo kubwa kuliko yote ni wingi wa virusi kwa anayeambukiza. Ni kweli, na nalisema bila kusitasita. Rakai hiyo hiyo, mwaka 2000, ilionyesha kwamba hakuna aliyeambukizwa na mwenza mwenye nakala chini ya 1,500 za kirusi katika mililita ya damu, na leo tunajua kwamba anayemeza dawa za kufubaza virusi mpaka visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Lakini ukweli huo unakaa vizuri ndani ya hoja hii, kwa sababu langerini huangamiza virusi vichache na kuzidiwa na vingi. Wingi wa virusi na hali ya utando ni pande mbili za mizani moja. Dawa hupunguza uzito upande mmoja, na PrEP, yaani dawa ambazo mtu asiye na VVU hutumia ili ajikinge, hukifanya kirusi kilichobebwa kishindwe kuzaliana hata kikifika kwenye tezi. Upande wa pili tumeuachia bahati.

Upande huo unatudai mambo ya kawaida kabisa. Unatudai tuutibu usaha, muwasho na kidonda siku kinapoonekana, badala ya kusubiri kiishe chenyewe. Unatudai tuache kuosha uke kwa sabuni kali, siki au dawa za kukausha na kubana, ambazo huuchubua utando na kuwaondoa bakteria wema wanaoulinda. Unatudai pia tuwe na msimamo juu ya zile chupa na pakiti zinazouzwa kwenye vituo vya mabasi na redioni kwa ahadi ya kuongeza kinga. Hakuna hata moja iliyothibitishwa kuzuia VVU, na ahadi yenyewe imejengwa juu ya dhana ambayo seli za dendriti zimekwisha kuikanusha, kwamba kinga ni kitu cha kujaza kama maji kwenye ndoo. Kinga ni mpangilio wa nani anamshika nani, mahali gani na kwa ishara ipi, na VVU vimepata nafasi yao katika mpangilio huo hasa pale ishara zinapozidi. Kondomu, PrEP, tohara, dawa za kufubaza virusi na matibabu ya mapema ya magonjwa ya zinaa hazimwongezei mtu kinga hata chembe. Zinakizuia kirusi kisifike, kisizaliane, au kisikute mapokezi yakiwa tayari. Kwa ugonjwa unaosafiri juu ya mabega ya kinga yetu wenyewe, huko ndiko kujilinda.